Mama Mshauri, ninatoa sadaka lakini moyo wangu umekunjamana

Mama Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninakaa Majengo hapa Goma, na ninauza maharage na unga wa muhogo katika soko la Virunga. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, na mshahara wake ulikuwa unapitia benki. Tangu benki zilipofunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025, nyumba yetu inaishi kwa makopo ya maharage ninayowapimia wateja kila siku.

Mwaka huohuo wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kwetu na watoto wake watatu. Kwanza walikuwa wamekimbia kutoka upande wa Masisi, wakakaa kambini nje ya mji, na kambi zilipobomolewa hawakuwa na pa kwenda. Sikuweza kukataa. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Watoto saba wanalala sebuleni juu ya mikeka, na asubuhi tunaikunja ili tupate pa kupita.

Shida yangu ya kwanza ni ya kanisani. Tunajenga kanisa jipya, na siku moja mhubiri mgeni alitufundisha juu ya kutoa, akatuita mbele tutamke ahadi zetu kwa sauti. Waliokuwa karibu nami walitaja dola mia mbili, dola mia tano. Nilipofikiwa nilisikia aibu kutaja kidogo, nikasema dola mia tatu. Mpaka leo nimelipa sitini. Kila Jumapili majina ya wenye deni la ahadi yanasomwa, na tunakumbushwa maneno ya nabii Malaki kwamba asiyeleta zaka kamili amemwibia Mungu na yuko chini ya laana. Ninaogopa. Mtoto akipata homa, ninawaza kwamba ni ile ahadi. Nimefikiri hata kuchukua zamu yangu ya likelemba, ule mchango wetu wa kupokezana, ambayo ndiyo mtaji wa maharage, nimalize deni hilo, au nikope kwa mtu anayetoza riba.

Shida yangu ya pili ni ya nyumbani, nayo ninaionea haya zaidi. Kanisani ninatoa kwa hofu. Nyumbani ninatoa kwa hasira. Ninampakulia wifi yangu na watoto wake huku moyoni nikihesabu kila kijiko. Sijawahi kuwanyima chakula, lakini nadhani wanajua. Wifi aliniomba nimpe unga kidogo wa ngano na mafuta ili akaange mandazi mlangoni, nikamkatalia nikihofia hasara.

Jumamosi iliyopita ndipo nilipojiogopa mimi mwenyewe. Binti yake mkubwa, mwenye miaka tisa, huwachotea majirani maji ziwani kwa bidoni (dumu), nao humpa chochote. Nilimkuta na franka mia mbili amezifunga kwenye ncha ya kitenge. Nilipomuuliza, alisema ni sadaka yake ya kesho. Nikamnyang'anya, nikamwambia: «Kumbe una pesa, na unakula kwangu?» Hakulia. Alikunja mkeka wake akaenda kukaa nje.

Mama, nimesoma katika 1 Wakorintho 13 kwamba hata nikitoa mali zangu zote kuwalisha maskini, kama sina upendo hainifaidii kitu. Basi mimi ninayetoa kwa hofu huku na kwa hasira kule, je, kuna chochote nilichotoa ambacho Mungu amekipokea? Na kama upendo sina, niutoe wapi?

Mama wa Majengo

*

Mpendwa mama wa Majengo,

Nimeisoma barua yako mara tatu kabla ya kushika kalamu. Kwanza nakuomba ujue kwamba siioni nyumba yako kama nyumba isiyo na upendo. Watu wanne walifika mlangoni kwako wakati ambao wewe mwenyewe ulikuwa umeishiwa, nao mpaka leo wanakula na kulala chini ya paa lako. Mtume Yohana, alipotaka kujua kama upendo wa Mungu unakaa ndani ya mtu, hakuuliza mtu huyo anajisikiaje. Aliuliza atafanya nini mwenye riziki ya dunia akimwona ndugu yake ni mhitaji (1 Yohana 3:17). Kwa kipimo hicho wewe hukuzuia huruma zako. Kilichokupata ni kwamba mkono umefunguka na moyo umebaki umekunjamana, na ni kweli kwamba hali hiyo inachosha, na ikiachwa inaharibu hata kile ambacho mkono umekitenda vizuri.

Nitaanza na ahadi ya kanisa, kwa sababu naamini hofu ya huko ndiyo inayozaa sehemu kubwa ya hasira ya nyumbani.

Umesoma 1 Wakorintho 13. Soma na barua ya pili, sura ya nane na ya tisa, kwa maana hakuna mahali katika Agano Jipya palipozungumza kwa urefu hivyo kuhusu changizo. Paulo alikuwa anakusanya msaada kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, na Wakorintho, kama wewe, walikuwa wameahidi mwaka uliotangulia na walikuwa hawajamaliza. Walikuwa na deni la ahadi kabisa. Angalia jinsi mtume alivyowaandikia. Aliwaambia waziwazi kwamba hasemi kwa njia ya kuamuru. Aliwaambia kwamba nia ikiwapo, kitu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Akaongeza kwamba hataki wengine wapate raha nao wapate dhiki. Kisha akaandika neno ambalo sisi sote tunalijua kwa moyo: «Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu.»

Neno ukunjufu limetoka katika kukunjua. Tunakunja ngumi na tunakunja uso. Tunakunja mkeka asubuhi, na usiku ukifika tunaukunjua ili mtu apate pa kulala. Basi ahadi uliyoitamka kwa kuona aibu mbele ya jirani, na ambayo sasa unataka kuilipa kwa mtaji wa maharage kwa sababu ya homa ya mtoto, haikutoka katika moyo uliokunjuliwa. Ilitoka katika lazima, jambo ambalo Paulo alilikataa kwa jina lake. Sikuambii haya ili kukupa njia ya kukwepa. Nakuambia kwa sababu Mungu hajakusimamia mlangoni kama mdai.

Najua utaniuliza kuhusu nadhiri, maana imeandikwa katika Mhubiri 5 kwamba ukimwekea Mungu nadhiri usikawie kuiondoa. Ni kweli, na neno la mtu lina uzito. Lakini fungua Walawi sura ya 27, mstari wa nane, mahali ambapo sijapata kusikia pakihubiriwa siku za kuchangisha. Pale sheria inataja viwango vya fedha kwa aliyeweka nadhiri, halafu inasema kwamba aliye maskini kuliko kiwango hicho atawekwa mbele ya kuhani, naye kuhani atamhesabia upya kama uwezo wake ulivyo. Tazama, mama: katika Torati yenyewe, kabla Kristo hajaja, mtu aliyeahidi kupita uwezo wake alikuwa na mlango wa kupitia. Alikwenda kwa kuhani, akasema hali yake, na hesabu ikafanywa tena.

Kwa hiyo fanya hivyo. Usiende mbele ya mkutano. Nenda kwa mchungaji wako siku ya kazi, wewe na mume wako pamoja, mkamweleze kwa heshima: tuliahidi mia tatu, tumetoa sitini, mshahara umesimama, nyumbani tuko watu kumi pamoja na mgeni aliyekimbia vita na watoto wake. Mwombeni ahadi ihesabiwe upya, na jina lako lisisomwe tena. Mchungaji mwenye moyo wa mchungaji atakusikia. Likelemba usiiguse, kwa sababu ule ni mtaji, na mtaji ukiliwa, Jumapili ya baadaye hutakuwa na cha kutoa wala cha kupika. Kwa mkopo wa riba nakukataza kama mama anavyomkataza binti yake.

Kuhusu Malaki, mistari ile ni Neno la Mungu, nami siwezi kuipunguza. Lakini nabii hakuanza pale. Mistari michache nyuma, katika 3:5, Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomwonea kibarua katika mshahara wake, na mjane, na yatima, na wanaompotosha mgeni asipate haki yake. Na zaka yenyewe ilikuwa ya nani? Kumbukumbu la Torati 26:12 inaagiza kwamba zaka ya mwaka wa tatu apewe Mlawi, na mgeni, na yatima, na mjane, wapate kula ndani ya malango yako na kushiba. Mgeni na watoto wake kula ndani ya malango yako na kushiba: hayo ndiyo yanayotendeka kwako kila jioni, na hakuna anayekuandikia risiti. Laana nayo usiitundike juu ya homa ya mtoto, kwa maana Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana hiyo. Mtoto akipata homa, mpeleke kwenye kituo cha afya apimwe malaria.

Wala sisemi kwamba kujenga kanisa ni kosa. Waisraeli walipojenga hema jangwani, walileta wale ambao mioyo yao iliwahimiza, na walileta vingi hata Musa akalazimika kutangaza kambini kote watu wasilete tena (Kutoka 36). Hema ile ilijengwa bila kusoma majina ya wenye deni. Na Paulo, mtume mzima, alipochukua fedha za changizo hakuzichukua peke yake. Aliwatuma ndugu wengine pamoja na Tito, mmoja wao amechaguliwa na makanisa, asije mtu akawalaumu juu ya fedha hizo. Washirika wanaoomba kamati ya ujenzi iwasomee hesabu hawaasi, wanafuata njia ya mtume.

Mara nyingi akina mama wenye kipato kidogo huletewa mfano wa yule mjane wa hekaluni, aliyetia senti mbili zilizokuwa riziki yake yote. Wataalamu wa fedha za zamani wanasema senti mbili zile zilikuwa kama sehemu moja ya sitini na nne ya ujira wa kibarua wa siku moja. Yesu alimwona, akasema ametia kuliko wote, nami nikifika pale kila mara nanyamaza. Lakini nakuomba usome Marko 12 kuanzia mstari wa 40. Neno ambalo Yesu alilisema kabla tu ya mjane yule kufika ni la kuwahukumu wale wanaokula nyumba za wajane. Alimsifu mjane, hakuwapa wakubwa ruhusa ya kumdai. Tena hakuna aliyemlazimisha mama yule, wala hakuna aliyemtangaza. Macho yaliyomwona yalikuwa ya Bwana peke yake.

Sasa nije nyumbani kwako, kwa maana barua yako yote inaelekea huko.

Unauliza upendo uutoe wapi. Mimi nilijifunza jibu la swali hilo nikiwa upande wa kupokea. Tarehe 17 Januari 2002, mlima wa volkano Nyiragongo ulipopasuka na moto wa mawe ukapita katikati ya mji wetu, nilikimbia pamoja na maelfu ya watu kuvuka mpaka kuingia Gisenyi, upande wa Rwanda, nikiwa na mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi. Sijui hadi leo kwa nini nilichukua sufuria. Mama mmoja nisiyemjua alinifungulia mlango. Alikuwa na chumba kimoja. Alikunjua mkeka wake akanilaza mimi na mtoto, naye akalala kwa jirani; asubuhi akaleta viazi vitamu. Nilikaa kwake siku nne. Jambo lililonishinda kulibeba siku zile halikuwa njaa. Lilikuwa ni kula cha mtu bila kuwa na chochote cha kurudisha. Siku ya tatu akanipa ufagio bila kusema neno, akaniacha nifagie uwanja wake. Nilifagia nikilia kwa furaha. Alikuwa amenipa viazi kwa siku mbili, lakini ufagio ule ndio ulionirudishia uso wangu.

Nakusimulia haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna mtu anayechota upendo kutoka moyoni mwake mwenyewe kama kisima kisichokauka. Paulo anaposema juu ya makanisa ya Makedonia, watu waliokuwa maskini sana na bado wakatoa, anaeleza kwamba walianza kwa kujitoa nafsi zao kwa Bwana, na kabla ya kuwataja alikuwa ametaja neema waliyopewa. Walipokea kwanza, wakatoa baadaye. Mtu anayekumbuka jinsi alivyopokewa, mkono wake hulegea wenyewe. Kaa chini jioni moja, ukumbuke ni nani walikufungulia mlango wewe: aliyekulipia karo, aliyekupa nafasi ya kwanza sokoni, aliyekaa nawe usiku wa uzazi. Wataje mbele za Mungu kwa majina. Halafu mkumbuke Yeye ambaye, kwa maneno ya Paulo katika sura hiyohiyo ya nane, alikuwa maskini kwa ajili yenu ingawa alikuwa tajiri. Sikuahidi kwamba hasira itaondoka usiku huo. Lakini maji hayatoki kwenye bidoni ambalo halijajazwa.

Ya pili inamhusu wifi yako. Wamakedonia wale hawakungoja kuombwa. Imeandikwa kwamba wao ndio waliomsihi mtume sana awape nafasi ya kushiriki. Maskini akinyimwa nafasi ya kutoa, anaumia mahali ambapo chakula hakifiki. Wifi yako alipokuomba unga wa ngano na mafuta, alikuwa anakuomba ufagio. Ninaelewa kwa nini ulikataa. Mama anayeendesha nyumba kwa makopo huihofia kila hasara, na hofu hiyo si dhambi. Hata hivyo nakushauri urudi kwake umpe unga wa mandazi ya siku mbili au tatu tu, kiasi ambacho kikipotea hamtalala njaa, na mkubaliane waziwazi: kiasi gani kinarudi kwenye mtaji, kiasi gani kinaingia katika chungu cha nyumba, kiasi gani ni chake mwenyewe, asichoulizwa na mtu. Mume wako awepo mnapozungumza. Barua yako haimtaji hata mara moja kwamba alisema neno, ilhali wageni ni dada yake na wapwa zake. Asikuachie wewe mzigo wa kuhesabu na aibu ya kuhesabu.

Kuhusu kuhesabu kwenyewe, usijihukumu kupita kiasi. Umeandika kwamba unahesabu kila kijiko. Mwenye watu kumi na makopo machache lazima ahesabu. Yusufu alipanga na kuweka akiba ya nafaka za Misri na watu wakaokoka. Sura ya upendo unayoiogopa inasema kwamba upendo hauhesabu mabaya. Hesabu maharage, mama, na hesabu unga, tena umhesabie wifi yako waziwazi ajue mko na nini. Usihesabu kwamba mtoto wake alikohoa usiku, kwamba hakusema asante jana, kwamba wamekaa miezi mingi. Na uone jinsi sura hiyo inavyoueleza upendo: huvumilia, hufadhili, hauhusudu, haujivuni. Yote ni mambo ya kutendwa, na mtu anaweza kuyaanza leo hata kama moyo bado ni mkavu. Mara nyingi moyo hufuata nyuma, kwa mwendo wake, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni.

Neno letu linasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mji wetu umepewa mtu wa kutufundisha hilo. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa hapa Goma aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani, na pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio aliwapenda na kuwasaidia watoto wa barabarani. Mwaka 2007 alikataa hongo ili mchele ulioharibika usiingizwe sokoni, na mwezi wa Julai mwaka huo aliuawa kwa sababu hiyo, akiwa na miaka ishirini na sita. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025, na sisi tusio Wakatoliki pia tuna la kujifunza kwake. Wangekula mchele ule watu ambao hakuwajua kwa sura wala kwa jina. Kabla ya kufikiri atapata nini, aliwaona wao na sahani zao mbele yake. Nadhani hapo ndipo upendo unapoachana na hofu na hasira. Mwenye hofu anapotoa humtazama mtozaji, na mwenye hasira huitazama mali inayopungua. Mwenye upendo humtazama yule atakayekula. Wewe unaye karibu kuliko Floribert, analala sebuleni kwako, na ana miaka tisa.

Nimemwacha mtoto huyo mwisho kwa makusudi. Unaniuliza kama kuna sadaka katika nyumba yako ambayo Mungu ameipokea. Mimi si Mungu, na ya moyo anayajua Yeye. Ila nikizisoma sadaka zote zilizotajwa katika barua yako, dola sitini na sahani zote, moja inanifanya niweke kalamu chini: franka mia mbili zilizofungwa kwenye ncha ya kitenge. Mtoto aliyepoteza kijiji, aliyeona kambi ikibomolewa, alibeba bidoni kutoka ziwani na kupanda nalo, na kitu cha kwanza alichokiwaza alipopata chake ni kumpa Mungu. Hakuna aliyemtisha kwa Malaki. Hakuna aliyesoma jina lake. Katika nyumba yenu yeye ndiye yule mama wa hekaluni, na wewe ulimwona kama mtu anayekudai.

Sikuandikii hivyo ili nikuumize, maana naona umeumia tayari. Mtu asiyeumia asingeandika barua ile. Nakuandikia kwa sababu njia yako ya kutoka imepitia kwake. Kabla ya mchungaji, kabla ya unga wa mandazi, mwite mtoto huyo. Usimwite mbele ya wote. Kaa naye pale nje alipokwenda kukaa. Mrudishie franka mia mbili zake, zilezile kama bado unazo, mkononi mwake. Mwambie: «Mwanangu, nilikukosea. Zilikuwa zako, na zilikuwa za Mungu. Nisamehe.» Usiongeze maelezo juu ya bei ya maharage. Katika desturi zetu mkubwa haombi radhi kwa mtoto, najua, na midomo itakuwa mizito. Zakayo naye alikuwa mkubwa, na siku wokovu ulipofika nyumbani mwake, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu.

Jioni hiyo, watoto wakiwa tayari kulala, mkunjulie mkeka wake wewe mwenyewe. Na Jumapili mnapokwenda kutoa, toa ulichokikusudia moyoni, hata kikiwa kidogo kuliko cha jirani, lakini usiwe wa kwanza kwenye kikapu. Mwache yeye atangulie.

Mama Mshauri